Udongo Uliojitanguliza

Teresia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya Nyamakobe, kitongoji cha huku Issenye, na kama hujawahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya maji mahali pasipo na maji, mshukuru Mungu wako. Kila ndoo tupu ilikuwa kosa lake. Mvua ikichelewa, Teresia. Punda akilala njiani na madumu mgongoni, Teresia. Naye hakuwa mtu wa kumeza maneno. Ukimtupia moja asubuhi, alikurudishia matatu kabla chai haijapoa.

Kisima chenyewe alikipigania yeye. Alizisumbua ofisi mpaka walinzi wakawa wanamsalimia kwa jina, na siku mashine ilipokuja ikatoboa ardhi chini ya kilima cha mawe, wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka. Walikunywa maji yale majuma machache tu. Watu wa vipimo wakaja, wakachota kwenye vichupa, wakaondoka, na waliporudi walikuwa na mnyororo na kufuli. Maji yana urani, walisema. Hakuna mtu aliyeitia. Imo ndani ya mawe ya kilima tangu dunia iumbwe, na maji yakipita humo huiyeyusha kama chumvi na kuibeba mpaka kisimani. Haina harufu wala rangi, na ukiinywa leo huumwi kesho. Inakula figo polepole, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

"Kitu hakinuki, hakionekani, hakiumi," alisema mzee Method, jirani yake Teresia. "Sasa wao wamekijuaje?" Na wengi wakaona mzee ana hoja.

Teresia hakucheka. Maji mengine ya karibu yalikuwa ya Mto Grumeti, na mamba wa Grumeti si wa kusimuliwa. Binti yake Agustina aliinama kujaza dumu siku moja, mamba akamdaka mkono wa kushoto. Wenzake wakamvuta huku, mnyama akamvuta kule, na mwishowe Agustina alibaki na wenzake ila mkono ukaenda. Tangu hapo, wanawake wakishuka mtoni, Teresia aliwahesabu wakienda na akawahesabu tena wakirudi. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kisima kifunguliwe, na maji yake yasimuue mtu.

Hapo ndipo Robi alipoingia.

Watu wa Nyamakobe walikuwa wameambiwa wametumiwa daktari. Basi siku hiyo watu walijipanga: huyu na mtoto mwenye kikohozi, yule na goti lake, Method na mbuzi aliyevimba taya. Gari likasimama, akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, buti za mpira miguuni, koleo mkononi.

"Shikamooni," akasema. "Mimi ni Robi Nchagwa, natoka Kerende, kule Nyamongo. Ni daktari wa udongo."

"Wa nini?" Teresia akauliza.

"Wa udongo, mama. Na wa wadudu wanaokaa ndani yake."

Method akamtazama kuanzia buti mpaka kilemba. "Mtoto wa Kikurya! Zamani wenzako walikuja huku kuchukua ng'ombe. Wewe umekuja kuchukua tope?"

"Ng'ombe wenu walikuwa wamekonda, babu," Robi akamjibu bila hata kutabasamu. "Ndiyo maana tumehamia kwenye tope."

Watu wakaangua kicheko, na Method mwenyewe alicheka mpaka akamwachia mbuzi. Teresia akasema moyoni, huyu tutaelewana.

Kazi aliyokuja nayo ilimshangaza Teresia tangu siku ya kwanza, na mshangao ule haukumtoka tena. Chini ya ardhi, Robi alieleza, kuna viumbe vidogo mno, bakteria, na kijiko kimoja cha udongo kinabeba wengi kuliko watu wa mkoa mzima wa Mara. Huko chini hewa hakuna, na kiumbe hai lazima apumue. Basi wao wanapumua madini. Wanakula chakula chao, halafu pale ambapo sisi tungevuta hewa, wao wanatumia chuma kilichomo kwenye kutu ya udongo. Au urani.

"Wanapumua jiwe?"

"Wanapumua jiwe, mama. Na urani ikishapumuliwa hivyo inabadilika. Haiyeyuki tena. Inakuwa chembe ngumu, inang'ang'ania udongo, inakaa palepale. Maji yanapita, yenyewe inabaki."

"Haki ya Mungu!"

"Haki ya Mungu. Walikuwa wanafanya hivyo kabla mtu hajakuwapo. Sisi tunawapa chakula tu, na nyumba. Chakula nakijua, ni siki. Nyumba ndiyo siijui. Watafanya kazi vizuri kwenye udongo gani, na udongo gani utaishika urani isitoroke, hilo ndilo lililonileta."

Teresia alirudi nyumbani akamsimulia kila aliyekutana naye kwamba chini ya miguu yao kuna watu wanaopumua mawe. Alisema watu, si wadudu, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Kati ya kilima na kisima, pale maji yanapopita chini kwa chini, walichimba mitaro miwili mirefu. Mmoja waliujaza udongo mwekundu wa kilimani. Mwingine waliujaza tope jeusi la mbugani, tope lililolala majini miaka na miaka. Vyote viwili walivichanganya na mchanga ili maji yapite. Lile jeusi, jamani, lilinuka yai viza. Eunice, mke wa mwanawe Teresia, alibeba karai moja akalitupa, akakimbilia vichakani kutapika. Wenzake wakamcheka kwa udekaji, kumbe mwenzao alikuwa na mimba changa.

Teresia moyo wake aliuweka kwenye mtaro mwekundu. Udongo mwekundu ni udongo wa watu, alisema, ndio tunaojengea, ndio unaotupa mtama. Hilo tope lenu jeusi hata fisi halikanyagi kwa hiari. Robi alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, hakubisha. Kila siku alimimina siki iliyochanganywa na maji kwenye mabomba yaliyoshuka mitaroni, kisha alivuta maji kutoka upande wa pili akayapima. Wakati mwingine alipiga magoti tu, akachukua udongo kiganjani, akaunusa macho yakiwa yamefumba. Teresia alikuwa amewahi kuona watu wakisali hivyo kanisani, lakini wachache.

Majibu yalipoanza kuja, yalimuudhi. Kwenye mtaro mweusi urani ilishuka haraka. Kwenye mwekundu ilijikokota.

"Huku kutu ni nyingi, mama," Robi alimweleza. "Wekundu wote huu unaouona ni kutu. Bakteria akikuta kutu laini namna hii anashughulika nayo kwanza. Urani inangoja foleni."

"Kwa hiyo ni wavivu?"

"Si wavivu. Wanachagua kazi nyepesi. Wewe usingechagua?"

Juma lile Robi alipata msiba, mjomba wake amefariki, akaenda Kerende kuzika. Teresia akabaki na mitaro. Akakaa pembeni ya ule wake mwekundu, akauonea huruma. Hawa wana njaa, akajisemea. Siki! Nani duniani anashiba siki? Na wewe uliyezaliwa kwenye ng'ombe, hebu niambie, kitu gani chenye uhai kimewahi kukataa samadi? Mahindi yanaitaka. Mboga zinaitaka. Ukuta wenyewe, usio na mdomo, bila samadi unapasuka. Basi akaita wanawake, wakazoa samadi ya zamani kwenye zizi lake, ile iliyooza ikaiva, wakaikoroga na maji, wakaimwaga mitaroni. Aliimwaga kote kuwili, asije akaambiwa ana upendeleo. Wakaimba huku wakimwaga, na Teresia akalala na moyo mweupe.

Robi aliporudi alisikia harufu kabla hajafika mitaroni. Akasimama.

"Nani kaweka samadi?"

"Mimi," Teresia akajibu kwa kujivuna. "Wadudu wako walikuwa wanakonda."

Robi akakaa chini, papo hapo kwenye majani. Akasema neno kwa Kikurya, neno refu, na Teresia akamshukuru Mungu kwamba Kikurya chake kilikuwa cha kusalimiana tu.

"Mama," Robi akasema, "samadi iliyooza ina kitu kinaitwa naitreti. Ndiyo inayonenepesha mahindi. Bakteria wakiiona hiyo, hawataki tena chuma wala urani. Umewaletea pilau katikati ya kazi."

"Watakula, watarudi kazini."

"Si kuacha kazi tu. Naitreti inaigeuza urani tuliyokwisha kuikamata. Inaiyeyusha upya, inaingia tena kwenye maji."

Akilini Teresia alimwona Agustina akifunga kanga kwa meno na mkono mmoja, kama alivyofunga kila asubuhi, akahisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kisima alikipigania yeye, na sasa amekiua yeye, kwa mikono yake na kwa nyimbo juu. Alitaka kulia, akashindwa hata hilo.

"Nisamehe, mwanangu."

"Tupime kwanza," Robi akasema. "Kusameheana kutakuwepo tu."

Mtaro mwekundu ulitoa majibu ya kutisha: urani ilikuwa imepanda kuliko siku walipoanza. Robi akatikisa kichwa, akahamia mweusi. Akapima. Akakunja uso, akaosha vyombo, akapima tena. Kisha akatupa kila kitu chini, akaruka mtaroni na koleo lake, akachimbua bonge la tope na kulipasua. Teresia alidhani amepandwa na wazimu wa Kikurya, maana alikuwa anacheka.

"Njoo uone, mama! Njoo haraka!"

Bonge lile lilikuwa na rangi mbili. Upande maji ya samadi yalikopita, weusi ulikuwa umegeuka hudhurungi, rangi ya bati lililopata kutu. Ndani lilikuwa bado jeusi, na bado linanuka.

"Harufu hii mnayoitukana ni salfa," Robi akasema, pumzi zikimwenda mbio. "Salfa na chuma vimeshikana huko chini, vikawa madini haya meusi. Hayavumilii naitreti wala hewa. Kitu chochote kikija kuishambulia urani, yenyewe yanajitanguliza. Yanapata kutu yenyewe, urani inabaki salama nyuma yake. Umeona? Samadi yako yote imeishia hapa!"

"Na ule mwekundu?"

"Ule chuma chake kilishapata kutu zamani za kale. Hauna cha kutoa. Wadudu ni walewale, mama, siki ileile. Udongo ndio uliotofautiana."

Teresia alilishika bonge lile kwa mikono miwili. Tope alilolidharau mbele za watu, alilosema fisi halikanyagi, limepokea kosa lake na kulimaliza ndani yake lenyewe. Hakuwahi kuona aibu mbele ya udongo, lakini siku hiyo aliona, na pamoja na aibu akasikia furaha inayofanana na ile ya kumpata mtoto uliyedhani amepotea. Akalinusa. Lilinuka vibaya kweli, loh, akalinusa tena.

Robi angeweza kulinyamazia jambo lile, au kumsemea Teresia kwa wakubwa. Hakufanya hata moja. Alipowaeleza waliomtuma alisema "tuliweka samadi", na majibu yote, mazuri na mabaya, akayatoa. Lile neno "tuliweka" Teresia hakulisahau.

Wakaufukia mtaro mwekundu, wakaurefusha mweusi mpaka ukaziba njia yote ya maji. Masika ilipokwisha, maji ya kisimani yakapimwa, na kipimo kikasema yanafaa. Injinia Gidion akaja kutoka wilayani, mtu mpole mwenye sauti nzito, akaitisha mkutano palepale kisimani.

"Maji yamekuwa safi," alisema. "Mimi sina kipingamizi. Kamati ikikubali, tufungue leo."

Vigelegele! Method alirusha kofia juu. Ndipo Robi alipoinua mkono.

"Bado," akasema.

Kofia ya Method ikaanguka chini, naye Robi akaendelea.

"Udongo huu wa mbuga mnaujua kuliko mimi. Wakati wa mvua unavimba, unajifunga. Kiangazi kikikolea unafanya nini?"

"Unapasuka," akajibu mtu.

"Unapasuka. Nyufa zikifunguka, hewa inashuka chini, na hewa ni adui yuleyule, kama samadi. Nimeuona udongo ukishinda samadi mara moja. Kiangazi sijauona ukikishinda. Naomba tungoje mpaka mvua za vuli."

Loh, kelele! Wengine walisema mtoto wa Kikurya amekuja kuwachezea. Gidion akamsogelea Robi, akamwambia kwa sauti ya chini, ila Teresia alikuwa karibu na akasikia: "Dokta, hii ni kazi yako. Ukisema bado, waliokutuma watadhani umeshindwa."

"Watadhani wanachodhani," Robi akajibu.

Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Eunice. Mimba yake sasa ilikuwa imejaa, hata kusimama alisimama kwa kusaidiwa. "Mama!" akamwita Teresia mbele ya watu wote. "Kipimo kimesema safi, na wewe unamwangalia huyu? Unataka nikajifungulie mtoni? Unataka mamba ampokee mjukuu wako?"

Teresia alikosa pa kutazama. Neno la mwisho lilikuwa la kamati, na kamati ilikuwa inamwangalia yeye. Alichokitafuta miaka yote kilikuwa hapo, hatua chache kutoka miguuni pake. Akisema ndiyo, leo hii hakuna mwanamke atakayeshuka Grumeti. Akisema hapana na mtu akaliwa kesho, damu hiyo atainawa wapi?

Agustina ndiye aliyesimama. Si msemaji, Agustina. Watu wakageuka wote.

"Wifi, mimi mto naujua," akasema. "Mamba anakamata mmoja, na kila mtu anapiga yowe. Maji mabaya yanakamata wote, na hakuna anayepiga yowe. Mkono wangu najua ulipokwenda. Figo za mtoto wako zikiharibika, tutamtafuta mamba gani?"

Akakaa. Eunice akaanza kulia.

Teresia akasimama. Alimtazama Robi, mtu ambaye angeweza kuondoka leo na sifa zake, na badala yake amesimama pale anazomewa kwa ajili ya watoto wasio wake. Mtu wa namna hiyo usipomsikiliza, utamsikiliza nani tena?

"Kisima hakifunguliwi mpaka kiangazi kiishe," alisema. "Tulieni, sijamaliza. Na mtoni hakuna mwanamke atakayeshuka. Kiangazi hiki chote, wanaume ndio watakaochota."

"Wanaume kubeba ndoo!" Method akaruka. "Tangu lini?"

"Tangu leo. Mna baiskeli, mna bodaboda, mna mapanga na mikuki. Mamba akitokea, mwulizeni yeye tangu lini."

Wanawake waliokuwa wanapiga kelele wakajikuta wanacheka, na jambo likapita hivyo.

Kiangazi kile wapita njia waliokwenda Ikoma walisimama kushangaa: wanaume wazima, foleni ya baiskeli, madumu ya njano nyuma, wengine wameficha nyuso kwa kofia. Walikwenda kwa kikundi, wakapiga maji kwa fimbo kabla ya kuchota, na mamba hakupata kitu. Method alilalamika njia nzima, kwenda na kurudi, lakini hakukosa hata siku moja.

Nyumbani kwa Teresia kulikuwa na baridi. Eunice hakumsemesha. Alijifungua mwanzoni mwa Agosti, mtoto wa kiume mwenye mapafu ya kutosha, na hata alipompokeza bibi yake amshike, alimpokeza bila neno. Teresia akavumilia. Kuna siku alijiuliza kama hakumchagua mgeni akaacha damu yake, na swali hilo lilimuuma.

Jua likazidi kuwa kali. Juu ya mtaro udongo ukaanza kupasuka, kwanza nyuzi, kisha nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwiko. Robi, aliyekuwa akija kila mara kupima, siku hiyo alipima mara mbili. Akamwita Teresia kando.

"Imepanda, mama."

"Kiasi gani?"

"Imepita ya mwanzo. Hewa imeshuka kwenye nyufa. Ule weusi umejitoa, umejitoa, mpaka umekwisha."

Teresia alitazama kisima kilichofungwa. "Kwa hiyo tungefungua siku ile..."

"Leo mngekuwa mnaichota. Na kwa macho msingeona kitu."

Teresia alimfikiria mjukuu wake mchanga, maji ya kumwogeshea, maji anayokunywa mama yake ili apate maziwa. Kisha akauliza swali alilokuwa analiogopa. "Umeshindwa?"

"Mimi? Sijashindwa. Udongo umechoka, basi. Unataka wenzake wausaidie. Kwetu shamba likimwelemea mtu, watu wanaitana, inaitwa risaga. Wote wanakuja na majembe."

"Huku pia tunaitana," Teresia akasema, na alikuwa ameshaanza kutembea.

Wakaitana. Tope jeusi bichi lilichotwa kwenye vidimbwi vilivyobaki mbugani, likaletwa kwa makarai, kwa mikokoteni ya punda, kwa bodaboda likidondoka njiani. Wanaume walichimba, wanawake walishindilia nyufa kwa mikono, na juu yake wakatandaza mchanga, kisha nyasi nene kama ezeko la nyumba, ili jua lisifike na unyevu usitoke. Watu walinuka wote, hakuna wa kumcheka mwenzake. Robi alikuwa katikati yao, tope mpaka kwenye nyusi, akielekeza na kushindilia.

Eunice akatokea, mtoto mgongoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Robi.

"Nimesikia wanasema. Ni kweli tungekuwa tunayanywa sasa hivi?"

"Ni kweli," Robi akasema.

"Na huyu?"

"Na huyu, kupitia kwako."

Eunice akamkaza mtoto mgongoni, akapiga magoti kando ya Teresia, akaingiza mikono yote miwili kwenye karai la tope lile lililowahi kumtapisha.

"Nipishe, mama," akasema. "Huo ufa unaushindilia vibaya."

Teresia akampisha. Machozi yalimtoka bila aibu, na kwa kuwa mikono ilikuwa na tope, aliyaacha yatiririke.

Kipimo kilianza kushuka kabla ya majuma mengi. Kikashuka, kikakaa, jua likawaka nalo likashindwa kukipandisha. Mvua za vuli zilipoanguka kilikuwa kimetulia chini kabisa, na safari hii Gidion alipouliza, Robi alisema, "Sasa." Alisema neno hilo tu, kisha akageukia kilima akajifanya anatafuta kitu, mpaka alipoweza kutazamana na watu.

"Kila kiangazi mtafunika nyufa," akamkumbusha Teresia. "Kila mwaka mtawalisha siki. Na mtapima, msiache kupima. Udongo huu haufanyi kazi peke yake."

"Tutawalisha. Lakini niambie, mwanangu, hawa wadudu tuwashukuruje?"

"Hawajui kama tupo, mama. Wanapumua tu."

Teresia alilifikiria jambo hilo, akaliona kubwa mno kwa siku moja. Kule kisimani pampu ilikuwa inalia na maji yanaruka, wanaume wamekaa kando wamekunja mikono kama watu waliostaafu. Eunice alikuwa ameshajaza beseni. Hakungoja kuyapasha moto; alimvua mwanawe nguo palepale mbele ya wote, akamwingiza majini, na mtoto, kwa ubaridi ule, akapiga kelele iliyowafanya ng'ombe wageuze vichwa.

"Lia, mjukuu wangu," Teresia akamwambia, akichota kwa kiganja na kumwagia mgongoni. "Lia mpaka uchoke. Haya ni ya kwako."